Mwenye Nyumba Aliyekataa Kodi

Mwenye nyumba wetu wa mtaa wa Bwiza alikuwa mtu wa makelele, na makelele yake ndiyo yaliyotupa usingizi. Kila mwisho wa mwezi alisimama uani akafoka, mama naye akamfokea, kisha kodi ikatoka na chai ikanywewa. Risiti haikuandikwa. Kwetu, kumdai risiti mtu mnayesali naye ni kumwita mwizi.

Basi mwezi alioingia kimya, nilishtuka. Aliketi ukingoni mwa kiti. Mama alipomnyooshea kodi, akairudisha taratibu.

"Apana mama, weka kwanza. Mi siko na haraka. Utanipa zote pamoja."

Mama alimwombea dua mpaka akatoka mlangoni. Chai hakuigusa.

Mwezi wa pili akakataa tena. Safari hii alikuja na fundi aliyepima madirisha na kugonga kuta, bila kutusalimu. "Anataka kututengenezea," mama alisema, uso umemng'aa. Nilimwambia yule bwana ana lake jambo, akanijibu kwamba nina roho mbaya. Kodi aliitia kwenye kopo la maziwa akaapa haitaguswa. Lakini shule zilifunguliwa, dadake akalazwa, cherehani nayo ikafa. Bila cherehani tungekula nini? Alinunua nyingine kwa pesa za kopo, na wateja wake wote walikuwa mtaa ule ule. Kutolewa pale kulikuwa kufunga kazi.

Mwezi wa tatu hakuja kabisa; tuliitwa kwa shefu, mkuu wa mtaa. Mwenye nyumba alikuwa ameshafika, kanzu imepigwa pasi.

"Shefu, miezi tatu sijaona kitu," alisema kwa upole. "Mutu asiyelipa hana preavi. Atoke tu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpangaji anayelipa hutolewa kwa preavi, yaani anaonywa miezi kadhaa kabla ili ajitafutie pengine. Asiyelipa hana haki hiyo. Mwenye nyumba alikuwa ametupika polepole, nasi tukimshukuru.

Shefu alimgeukia mama. "Mama, we umelipa?"

Nilimfinya mkono. Nilitaka adanganye, Mungu anisamehe, au angalau aanzie mwanzo.

"Apana," alisema.

Nikapaza sauti kwamba ni mwenye nyumba mwenyewe aliyekataa kodi, mara mbili, mbele ya macho yangu.

"Sawa," shefu akasema. "Kama alikataa, feza iko wapi? Muilete sasa hivi."

Mama aliangalia sakafu. Tulipewa mpaka Ijumaa tuwe tumetoka.

Nje, nilikuwa natafuta tusi la kumfaa yule bwana. Mama alinipita. Alimwendea mwenye nyumba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi kwa kumcheleweshea haki yake.

Naye akamwambia amemsamehe.