Eda ya Nguo Nyeupe

Niliporudi kwenye kazi yangu ya ndani Dubai kutoka likizo ya mwezi mmoja kwetu Singida, nilimkuta sebuleni kwa madam bibi mmoja aliyevaa nyeupe tupu: kanzu, kilemba, hata soksi. Nikadhani anajiandaa kwenda Umra, nikamwambia mabruk, hongera. Madam alinishika mkono, akanipeleka jikoni.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Baba amefariki wiki iliyopita. Kwetu Fes, Morocco, mjane hukaa eda kwa nguo nyeupe."

Mimi ni Mkristo, lakini eda naijua, maana nimekua na majirani Waislamu. Sikuwahi tu kuiona ikiwa na rangi hiyo. Nilirudi sebuleni nikampa pole. Alitikisa kichwa, akaniuliza kama najua kukanda unga.

Walikuwa wamekuja wawili, mume na mke, kumtembelea binti yao. Asubuhi moja mzee alibanwa na kifua wakiwa kwenye kifungua kinywa, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho hospitalini. Akazikwa hapahapa. Madam alitaka mama yake arudi Morocco kwa dada zake, lakini bibi alikataa. Eda, alisema, ataikalia pale alipoishi na mumewe mara ya mwisho. Basi miezi minne na siku kumi akakaa katika fleti ile ya Al Twar, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama maegesho ya magari, ndege zikipita karibu mpaka vikombe vinalia kabatini.

Mkate wa dukani aliugusa kwa kidole akauacha. Alijaribu kuoka kwenye jiko la umeme la madam, akaonja, akasema, "Huu umepashwa moto, haujaokwa."

Nilipokuwa napiga pasi alinieleza mambo yalivyo kwao. Ndani ya mji mkongwe wa Fes, vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, mizigo hubebwa na punda. Asubuhi kila nyumba hukanda unga wake, hupanga mikate juu ya ubao, huifunika kwa kitambaa na kuipeleka kwenye tanuri la mtaa. Hakuna anayeandika jina. Mwokaji huijua mikate ya kila nyumba kwa kuitazama.

"Hata ugomvi wa nyumbani aliujua," bibi alisema. "Mkate ukija umekandwa vibaya, anajua kuna mtu amelia."

Siku ya pili akaniuliza, "Binti yangu, hapa mtaani hakuna tanuri?"

Lilikuwepo, nyuma ya msikiti, la Mwafghani mmoja wa makamo. Nilichomoa rafu moja ya kabati la viatu, nikaiosha, nikapanga mikate minne, nikaenda.

"Hii nini?" Mwafghani aliuliza.

"Mkate. Naomba unichomee."

"Mimi nauza mkate wangu, sichomi wa watu. Yalla, nenda."

Nikamwambia mwenye mkate ni mjane, yuko eda, hawezi kutoka. Alifuta mikono kwenye aproni, akachukua mmoja, akaubandika kwenye ukuta wa tanuri kama anavyobandika yake. Mkate wa Fes ni mnene. Ulishika kidogo, ukadondoka kwenye makaa. Wa pili vilevile. Nilirudi na miwili mibichi na miwili myeusi.

Bibi aliuvunja mmoja mweusi, akanusa ndani. "Mwambie asiubandike. Aweke sinia la chuma mdomoni mwa tanuri, baada ya adhuhuri, moto ukishatulia."

Wakaanza kubishana kupitia kwangu, watu wawili wasioonana. Mwafghani alisema unga una maji mengi. Bibi alisema jamaa ana haraka. Kiarabu cha Morocco, nilichokizoea kidogo kwa madam, hata mlinzi wa jengo letu, Mmisri, kilimshinda, na Kiarabu cha Mwafghani kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo nilifikisha nilichoelewa na matusi nikayaacha njiani. Wiki ya tatu mkate ukatoka, chini kahawia, juu laini. Bibi alikula mzima kwa mafuta ya zeituni na chai ya nanaa. Halafu akalia, mara ya kwanza mbele yangu. Niliendelea kuosha vyombo.

Siku moja alishikwa na homa, nikakanda mwenyewe. Mwafghani alibonyeza mkate kwa kidole.

"Leo si mikono ya yule mama. Anaumwa?"

Niliporudi nikamweleza bibi. Alinitaka nirudie maneno yale mara mbili.

Eda ilipokwisha, madam alitaka twende kula hotelini. Bibi alitaka kuoga kwanza. Nilimsugua mgongo kwa sabuni nyeusi ya kwao na kitambaa kigumu mpaka nongo zikatoka. Akavaa kanzu ya kijani yenye kofia, akaomba apelekwe makaburini. Alinyunyiza maji ya maua ya mchungwa juu ya udongo, akafungua mfuko wa tini kavu, akatazama huku na huku. Kwao, anayezuru kaburi huwagawia tini maskini walioko pale.

"Maskini wako wapi?" aliuliza.

Langoni kulikuwa na mlinzi Mkenya. "Hapa hakuna, mama," alisema, nami nikamtafsiria bibi. "Labda mjaribu Muhaisnah, kwenye kambi za vibarua, mabasi ya kampuni yanarudisha watu saa hizi."

Tukaenda. Wanaume walikuwa wakishuka na kofia zao za kazi mikononi. Bibi aligawa tini mojamoja, akimwangalia kila mtu usoni. Mmoja alinisikia nikimsemesha mlinzi wa kambi kwa Kiswahili.

"Dada, sadaka ya nani hii?"

"Ya mzee mmoja wa Fes, Morocco."

"Mungu amrehemu," alisema, akaing'ata tini akielekea ndani.

Wiki iliyofuata bibi alipanda ndege. Nilipita kwa Mwafghani kumwambia. Aliendelea kuchochea makaa.

"Yule mama alikuwa mzee sana?" aliuliza.

"Wa kiasi," nilimjibu.