Stuli Mlangoni kwa Mama Pima

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kawangware, msimamizi wetu alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Mama, wanasema wewe ni mtu wa kukaa nyumbani?"

Nikakubali. Uongo ungenisaidia nini na slipa ziko miguuni?

"Vizuri. Basi utakaa nyumbani. Nyumbani kwa watu."

Ndivyo mimi, wa kidato cha nne na miguu mizito, nilivyokuwa mhudumu wa afya ya jamii, kazi yangu kutembelea familia zenye mtu aliyelemewa na pombe.

Baadaye nikahamishiwa Kibera, upande wa Kisumu Ndogo. Huko nikampata Ouma, fundi wa kuchomelea vyuma aliyebakishwa mifupa na chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Daktari wa kliniki alikuwa amesema ini limechoka. Akiendelea kunywa, mwaka hautaisha akiwa hai. Mama yake aliuza omena, dagaa wa ziwani. Baba yake hakuwa amemsemesha tangu Ouma auze redio ya nyumbani.

Nikaitisha kikao cha familia, jinsi nilivyofunzwa: kila mtu anamweleza mgonjwa alivyoumia. Kosa langu ni kuwaacha waeleze wote. Shangazi watatu, tena wenye kumbukumbu nzuri! Walipofika kwenye sufuria za harusi alizouza anywe, Ouma aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa mama pima, yule muuza chang'aa. Hakurudi.

Kesho yake nikamkuta baba yake njiani amebeba stuli.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Kumngoja."

"Lakini kitabu chetu kinasema tusimfuate mtu kwenye pombe."

"Hicho kitabu kimezaa?"

Nikamfuata, jambo ambalo kitabu pia hakikuruhusu.

Mzee akaweka stuli mkabala na mlango wa mama pima. Hakuingia, hakugombana. Wanywaji wakamcheka: "Buda, kuja uonje!"

"Nangoja mtoto wangu."

Mchana Mama Ouma akaleta sahani mbili za ugali na omena. Mzee akala moja. Nyingine ikakaa imefunikwa mpaka jioni. Siku ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu mvua ikanyesha, mzee asiondoke. Mimi nilimshikia mwavuli, na sijui kama nimewahi kufanya kazi ya maana kuliko hiyo.

Siku ya tano Ouma akatoka, akaketi kwenye matope. Mikono ilitetemeka, tonge likaanguka. Mzee akamega ugali, akamlisha mwanaume mwenye ndevu mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Mama pima mwenyewe akaleta maji ya kunawa. Nilisimama pale nikatamani kuvua slipa, kama mtu aliyekanyaga mahali patakatifu.

Tukampeleka kliniki, maana kuacha ghafla nako kunaweza kuua. Alipewa dawa, na nyumbani wakakesha kando yake kwa zamu, shangazi wote watatu wakiwemo, kimya kabisa. Aliteleza mara mbili. Mara zote mbili mzee alibeba stuli. Huu ni mwaka wa tatu Ouma hajagusa pombe.

Sasa nimestaafu, na kochi langu limenipokea vizuri. Vijana wa kazi huja kuniuliza mbinu. Nawaambia ukweli: sikuwa nayo. Kwenye fomu ya Ouma palikuwa na nafasi ya kujaza matibabu yaliyotolewa. Niliandika, "Baba alikaa." Msimamizi aliinua kalamu anisahihishe, akasoma tena, akatia sahihi.