Sukari ya Chupa

Juzi, arusini Itetemia, mtu alifungua chupa ya wanzuki, pombe ya asali, ikalia fyuu. Harufu ya asali ikanirudishia mama.

Siku zile za Ujamaa sukari ilikuwa adimu. Uji tulikunywa bila sukari, lakini mama alitia sukari kidogo katika kila chupa ya pombe yake ya asali, kisha akaziba.

"Mama, unazipenda chupa kuliko mimi?"

"Sukari ndiyo inayoleta povu, mwanangu."

Sikumwamini. Alasiri moja nilikwenda kuzisikiliza zile chupa kama kweli zina povu, nisijue gesi imejaa ndani. Moja ikapasuka. Kabla nyingine hazijafuata, mama alikwisha kunifunika kwa mwili wake. Pombe ilitiririka hadi mlangoni, wala hakuitazama. Alinipapasa uso.

"Umeumia wapi? Sema, mama yangu."