Alitekwa, Akazaliwa Kariandusi

Jirani yangu wa mtaa wa Free Area, Nakuru, Wambui, alinigongea mlango na swali lililonifanya nitafute viatu papo hapo. Ukoo wao ulikuwa unamwekea jiwe la kaburi mama yake Shosho Tabitha, nyanya yake Wambui. Mama huyo alikuwa msichana wa Kimaasai aliyetekwa vitani na kuletwa kwa Wakikuyu. Mjomba Karanja, mwanawe Shosho, alitaka jiwe liandikwe "mtumwa" ili historia isipotee. Shosho alikuwa amegoma kula.

"Mwalimu wa Kiswahili ni wewe," Wambui alisema. "Twende ukawaamue."

Njiani moyo ulinidunda kwa furaha. Maneno ya darasani yalikuwa yananingoja shambani! Ziwa Elmenteita lilipotokea, nilikuwa bado namweleza Wambui polepole: mfungwa amehukumiwa, mahabusu anangoja kesi, mtumwa anamilikiwa na bwana. Anayekamatwa vitani, au kushikiliwa na maadui, ni mateka. Awe mmoja, wawe mia, ni mateka tu.

Kariandusi, nyumbani kwa Shosho, tulikuta jiwe limelazwa juu ya magunia, fundi ameshika patasi. Nilirudia maelezo yangu, na Karanja akaridhika mara moja.

"Sawa kabisa. Fundi, andika 'mateka'."

"Thubutu!" Shosho alifoka kutoka kitini. "Mwalimu, asante, lakini umefika nusu ya njia. Mama alichinjiwa mbuzi."

Nilivuta kigoda karibu naye. Zamani, alinieleza, mgeni aliyepokewa nyumbani alichinjiwa mbuzi na kuvishwa mkononi ukanda wa ngozi ya mbuzi huyo. Hapo alihesabiwa amezaliwa katika ukoo, na kumwita mateka tena kulikuwa tusi.

"Wewe Karanja, kama yeye ni mateka, wewe ni mjukuu wa nani? Wa mbuzi?"

Hata fundi aliangua kicheko. Karanja alijikuna kichwa. "Basi mama, tuandike nini?"

"Jina alilokuja nalo. Chini yake, jina tulilompa. Halafu: Alitekwa akiwa mtoto, akazaliwa hapa."

Patasi ikaanza kulia. Shosho akauliza kama githeri, mahindi na maharagwe yaliyokuwa jikoni, imeiva.

Alasiri tulipanda matatu kurudi Nakuru, mimi nikiongea bila kupumua. Msomaji wangu, litumie neno mateka bila woga, maana ni sahihi kwa yule aliyeshikwa. Ila hakikisha kwanza kama bado ameshikwa. Kamusi inajua siku mtu alipochukuliwa. Siku alipokuwa wa nyumbani wanaijua waliompokea.