Sufu Kwenye Godoro la Mwenyekiti

Walionipotezea kazi nawajua, na nitawataja kwa vyeo, maana nikiandika majina watasema nimewachafua. Wa kwanza ni meneja wa shamba la mkonge, aliyefunga geti asubuhi moja na kutuambia shamba limeuzwa, tukadai kwa aliyenunua. Aliyenunua akasema tudai kwa aliyeuza. Mimi nilikuwa naanika katani pale tangu usichana, shule nimeishia darasa la nne. Wa pili, aliyekaribia kunipotezea nyingine, ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama pale Kilosa. Ndiyo, mwanamume. Alisema kikundi bila mwanamume hakitaheshimiwa wilayani.

Lakini miaka hiyohiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndiyo niliyocheka kuliko yote, na kicheko changu siwaachii wao.

Alikuja binti wa Kijapani kutufundisha kutengeneza kitambaa kisichofumwa. Unatandaza manyoya ya kondoo, unayamwagia maji ya moto na sabuni, unayakunja ndani ya mkeka na kuyasukuma mpaka yashikane. Halafu unakitia rangi kwa namna ya kwao. Alikuwa anamwamkia shikamoo kila mtu, hata watoto wa shule, nao wakawa wanapita mlangoni pa ukumbi wetu wa kazi makusudi ili waitikie marahaba.

Siku ya kwanza alisema, "Kesho kila mama alete sufu." Tukaleta sufi. Kilosa nani anajua sufu? Sisi tuna miti ya misufi, pamba yake tunajazia mito. Aliishikashika, akasita, kisha kwa adabu yake akaimwagia maji ya moto. Tukasukuma mkeka kwa miguu, tunaimba, jasho linatutoka. Kukunjua, uji mtupu.

"Huyu kondoo gani, mama?" akauliza.

"Wa mtini," jirani yangu akamjibu. "Ukimtaka unampiga kwa fimbo, anadondoka."

Tulicheka mpaka tukakaa chini, na yeye akakaa.

Basi mwenyekiti akatumwa nyanda za juu kwenye kondoo wenye manyoya. Akarudi na kifuko kimoja. Kondoo wamekufa, akasema. Na bwana maendeleo wa wilaya alishatutangazia: duka la watalii Mikumi likikataa kitambaa chetu, ukumbi unafungwa, binti anahamishwa. Wenzangu walikuwa na mashamba Zombo. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga na ukumbi huo, basi.

Aliyetuokoa ni mke wa mwenyekiti mwenyewe. Alituambia bombani, anateka maji, "Mume wangu siku hizi halali, anazama."

"Anazama wapi?"

"Kwenye godoro jipya. Njooni mchana, yuko ofisini."

Mkasi alishika yeye. Tulitoa sufu yote, tukajaza sufi, tukashona. Mwenyekiti alilalia mti mpaka alipohama mji, na neno lake lilikuwa moja tu, kwamba godoro limekuwa na ubaridi mzuri.

Sasa tukawa na sufu. Tulitengeneza kitambaa kirefu cha kujitanda. Upande mmoja tukapanga majani ya mtiki na mkaratusi, tukaviringisha kwenye kijiti. Upande wa pili ndiyo ile shibori ya kwao: unafinya kitambaa, unatia kokoto, unakaza uzi, na pale ulipokaza rangi haiingii. Tukakichemsha chote kwa maganda ya vitunguu vya Lumuma na maji ya misumari yenye kutu. Kikatakiwa kikae kwenye fundo mpaka Jumamosi, siku ya kwenda Mikumi. Mwenyekiti ndiye aliyetuambia Jumamosi. Alhamisi lori la Mikumi likapiga honi nje ya ukumbi.

Tukapanda sisi na binti, na beseni letu, kitu kimefungwa vilevile, kinachuruzika.

"Mmeniletea mihogo?" mama wa duka akauliza.

"Kitambaa, mama. Hatujakifungua."

"Kifungueni basi, nina wageni."

Nilichukua mkasi. Nilikata uzi wa kwanza, kikadondoka kitu cheupe juu ya meza. Cha pili, cha tatu. Mahindi, yamevimba kama ya kande. Jirani yangu alikuwa ameona kokoto zitakiumiza kitambaa, akatia mahindi.

"Na chakula mmeleta," mama wa duka akasema.

Nikafungua chote kwa pupa. Majani ya mtiki yalikuwa yametua pale, mekundu ya zambarau, kila mshipa unaonekana. Ya mkaratusi rangi ya chungwa. Na kwenye manjano ya vitunguu, viduara vyeupe, kingo zimepasukapasuka kwa yale mahindi. Wageni wawili wakasogea.

"Mkitengeneza kingine kitakuwa hivihivi?" mama wa duka akauliza.

"Hapana," binti akajibu. "Hakiwezi."

Nilimchukia pale, kabisa. Nilijua tumekwisha.

Mama wa duka alikibeba, akakitandaza ukutani, akarudi nyuma kukitazama. "Basi msinifungulie huko kwenu," akasema. "Muwe mnaniletea kwenye fundo. Wageni wafungue wenyewe."

Jirani yangu akaanza kuokota mahindi yake. Mimi nikamuuliza yule mama anataka mafundo mangapi.