Maua Yenye Ilishinda Imprimante

Hata leo, muntu akitaja ndoa ya Yolande, minyi ninainama kufunga viatu byenye habina hata kamba.

Ilikuwa wakati ya vita, muji ya Kamina muzima bantu banaangaliana kwa pembeni. Nilikuwa sekretere ku biro ya paruasi ya kanisa, na juu mudogo wangu Yolande alikuwa anaolewa, nikasema programu ya kanisa nitaipamba: nikatia maua, ukurasa muzima. Imprimante yetu, mashini ya kuchapisha, ilikuwa ya zamani, kumbukumbu yake kidogo, ikatoa nusu ya maua, ikasimama, taa inawaka inazima. Badala ya kuondoa ile maua (kichwa yangu ngumu, munanijua), nikachagua mu ordinateur, ile kompyuta ya biro, jina ya imprimante ingine, ya nguvu. Eh! Ile yetu ya zamani ikaanza kutapika karatasi: herufi, namba, alama, mustari juu ya mustari, hakuna neno ya kusoma. Kumbe ilikuwa maagizo ya kuchora maua. Imprimante yetu haikujua ile luga ya mwenzake, ikaandika tu vile iliipata.

Karatasi ilikuwa shida, nikapatia jirani, Mama Georgine, afungie mikate anauzisha. Na basoda ba Base, kambi ya jeshi, njo bateja bake.

Siku ya ndoa, pasta anauliza kama kuna mwenye kupinga, mulango ukafunguka: capitaine wa Base, karatasi ya mikate yenye mafuta mu mukono.

"Nani aliandika hii code ya siri?"

Mama Georgine hakungoya: "Njo yeye, dada mukubwa wa bibi harusi!"

"Mon capitaine, iko maua," nikasema.

"Maua iko wapi hapa?"

Tukaenda ku biro, harusi yote nyuma yetu. Akaamuru niandike jina yake na ile imprimante. Ikatoka safi kabisa.

"Aa! Kumbe inajua kuandika!"

Kwa code bantu balipelekwa Base bila kurudi. Nikatuma maua: ikatoka nusu, taa ikawaka ikazima. Nikachagua ile jina ingine: herufi zilezile. Capitaine akalinganisha mustari kwa mustari, akakunja zote mu mufuko.

"Tunakuangalia," akasema, akaenda.

Ndoa ilifungwa, lakini shangazi wa bwana harusi alihamisha kiti yake mbali na minyi. Tulipofika nyumbani, bwana yangu akafunga dirisha, akanigeukia.

"Mama Ilunga, sasa tuko siye wawili. Ile code ilisema nini?"

"Maua."

Akatikisa kichwa.

Tangu ile siku, karatasi yenye siwezi kusoma ninaichoma, tena inje, na ninaita majirani bote baone ikiungua.