Taa Nilizozichora Masisi

Wakati wa vita Masisi hatukuwa na umeme, kwa hiyo mimi nikawa mtaalamu wa taa. Wafadhili fulani wa Ulaya walitaka kusaidia kikundi chetu cha maigizo, kilichokuwa na mchezo mmoja wa amani, na kabla ya kutoa chochote waliomba picha ya kompyuta inayoonyesha jinsi jukwaa litakavyomulikwa. Ukumbi wenyewe ulikuwa umepoteza nusu ya mabati yake. Na mchezo tuliucheza saa nne asubuhi, maana jioni kila mwenye akili alikuwa ameshafunga mlango. Hayo hawakuyauliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama juu ya kompyuta.

Nilikuwa nimesomea kuchora nyumba. Taa ya jukwaani sikuwahi kuigusa. Niliichora kwa kutazama picha walizonitumia: mwili wa chuma, kioo cha mbele, vibati vinne vya kuzuia mwanga usitawanyike, na mnyororo mdogo wa usalama, taa isije ikamwangukia mchezaji. Mnyororo huo niliuchora pete kwa pete. Usalama wa mchezaji huyo barabarani haukuwa na alama yake katika programu.

Nilifanyia kazi dukani kwa mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa mji wa Butembo aliyekuwa na jenereta. Kompyuta ilihitaji asubuhi nzima kutengeneza vivuli vya picha moja, naye alizima jenereta mara tu simu za wateja zilipojaa chaji. Mara nyingi nilirudi nyumbani na jukwaa lililoiva upande mmoja, kama mkate.

Hatimaye picha ikakamilika, nikawaita wenzangu kwa majivuno. Mchezaji wetu mkuu alikuwa mama mkulima aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Buleusa, upande wa Walikale. Siku ya kukimbia, yeye na binti yake walishika miteremko miwili tofauti, na tangu hapo hawakuonana. Alijiunga nasi kwa sababu moja, wala hakuificha: maigizo hukusanya watu, na huenda siku moja binti angekuwa miongoni mwao. Nilikuwa nimezielekeza taa zote usoni pake. Nikasubiri shukrani.

"Kaka, mataa yote iko inaniangalia miye," alisema. "Mutoto wangu akikaa mu giza pale mbele, nitamuona namna gani? Geuza. Imulike watu."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba ukumbi haumulikwi hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia: geuza. Nikageuza ili yaishe. Jukwaa likawa jeusi, mabenchi yakang'aa, na juu yake wakaketi wale watu wa kijivu ambao programu inawatoa bure, wasio na nyuso. Akasogea, akawatazama mmoja mmoja. Hapo hamu ya kubishana ikaniisha.

Niliituma picha hiyo hiyo. Wafadhili waliandika kwa adabu kwamba taa zimeelekea upande usiofaa, wakauliza kama programu ina hitilafu. Nikawajibu kwamba mchezaji wetu ndivyo anavyotaka. Taa hazikuja.

Basi tukaenda kucheza mchezo wetu katika kijiji cha Kashebere, siku ya soko, jua likiwamulika wote bila mradi. Watu walikuwa wametoka pande zote, wa Masisi na wa Walikale. Mama yule, kabla ya kila sentensi yake, alinyamaza na kupitisha macho safu hadi safu. Mimi niliyekuwa pembeni kumkumbusha maneno nilijua hajasahau neno hata moja. Mchezo ulirefuka mno, wala hakuna aliyeondoka, na binti hakuwepo.

Tulipomaliza, wachuuzi walimjia kumshika mkono. Walisema hawajawahi kuona mwigizaji anayejua kunyamaza namna ile. Aliwashukuru wote, kisha akawauliza kama kuna watu waliobaki nyumbani.